Mpiga Kinanda Aliyepelekwa Kinuni

Fulgensi, fundi baiskeli wa Ifakara, alihudhuria semina ya kinanda ya wiki tatu mwaka 1993, akarudi anatembea polepole kama askofu mstaafu. Kwaya nzima tulimheshimu, maana hakuna mwingine aliyejua hata kifuniko cha kinanda kinafunguliwaje. Kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, na Fulgensi alikikanyaga utadhani anawahi treni Mang'ula. Ukivuta pumzi, mwenzio yuko ubeti wa pili. Ukishusha sauti, ndiyo kwanza anapata nafasi ya kutuonyesha vidole vyote. Tunamshukuru Mungu alimpa kumi tu.

Mwaka uliofuata Egidius, mtoto wa pekee wa Mama Marsiana, alikuwa apewe upadre kanisani kwetu. Baada ya misa angepelekwa parokia ya mbali. Mama yake alikuwa mkulima wa mpunga, hana ng'ombe wala gari la kumzawadia. Alitaka kumwimbia wimbo wa shukrani, mwanawe amsikie, basi.

Mazoezi ya kwanza tuliona mdomo wake ukifunguka na kufungwa. Tulichosikia ni Fulgensi.

Mama Marsiana hakugomba. "Fulgensi, kesho asubuhi njoo nyumbani. Nina mpunga wa kutwanga."

"Mimi, mama? Si kuna mashine?"

"Mashine haina masikio. Njoo."

Mwanamume mzima, tena msomi wa semina, kinuni! Majirani walijaa uani. Na mimi nilikwenda, kwa huruma tu, maana onyesho lile nisingelikosa kwa lolote.

Walishika michi miwili, kinu kimoja. Pigo la kwanza michi ikagongana, la pili ikagongana tena, mpunga ukawarukia kuku, ambao ndio pekee waliofurahia ufundi wake.

"Unatwanga na nani?" mama akauliza.

"Na wewe, mama."

"Mbona hunitazami? Wangu ukiwa chini, wako uwe juu. Nikichoka, ningoje."

Siku tatu alirudi, mikono imejaa malengelenge. Siku ya nne michi ikapokezana bila kugusana, naye macho yake yalikuwa kwenye mabega ya mama, ajue anavuta pumzi lini.

Siku ya misa, mama aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili akamtazama mwanawe katika mavazi mapya, sauti ikakatika. Nilifumba macho, kwa sababu namjua Fulgensi: nafasi kama ile aliisubiri maisha yake yote.

Nikasikia mlio mmoja tu, mdogo, umetulia. Nilipofumbua, alikuwa anakanyaga taratibu, anamtazama mama mabegani. Akangoja. Mabega yakapanda, naye akaanza kupiga pamoja na mama, chini ya sauti yake, mpaka mwisho. Padre Egidius alilia waziwazi. Mimi pia nililia, na sioni haya.

Nje, kwenye pilau, watu walimzunguka mama kwa vigelegele. Bibi Yosefina, ambaye hakosi misa na hakosi neno, akamshika Fulgensi mkono.

"Pole, mjukuu wangu. Kumbe leo wamekunyima kinanda?"

Fulgensi alifungua mdomo. Nikasema moyoni, sasa tutahubiriwa ile semina upya. Akaangalia viganja vyake, vilivyokuwa bado vinachubuka.

"Nilikuwepo, bibi," akasema, akaenda kupanga foleni ya pilau.