Uji wa Mama Mkwe

Miaka ile ya ujamaa unene ulikuwa na maana mbili. Kwa wazazi wetu ulikuwa neema, kwa siasa ulikuwa ushahidi. Mimi nilikuwa mwalimu wa siasa katika shule ya msingi pale Mafiga, na ukutani mwa darasa langu kulikuwa na picha ya bepari: kofia kubwa, kitambi kikubwa zaidi, na mrija mrefu mdomoni akimnyonya mkulima aliyekonda. Nilikuwa nikiinua fimbo kumwonyesha kupe huyo, watoto wanatazama picha, kisha wananitazama mimi, kisha wanarudi kwenye picha. Hawakusema neno. Walikuwa na adabu kuliko mchoraji.

Nataka ieleweke kwamba kitambi changu hakikumnyonya mtu. Kilijengwa kwa ugali, karanga za Gairo na mke anayejua kupika. Kumbe ndani yake, nyuma ya neema yote ile, kulikuwa na vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikinila mimi wakati mimi nakula vingine. Siku moja nikatapika damu mbele ya darasa, katikati ya somo la kujitegemea, nikabebwa na walimu wanne hadi hospitali. Wanne, na bado walilalamika.

Daktari alinipasua akakata sehemu kubwa ya tumbo. Nilipozinduka, nina mpira puani na dripu mkononi, alinieleza taratibu kwamba tumbo lililobaki ni dogo kama ngumi. Nile kidogo kidogo, mara nyingi, nisishushie maji juu ya chakula, na vitu vitamu niviache, hasa sukari. Nikamwambia kwa upande wa sukari, maduka matupu yamekwisha kunisaidia. Akacheka, nami nikacheka, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu mwenye mshono tumboni hana ruhusa ya kucheka.

Watu hudhani kupona ni kurudi ulikokuwa. Mimi sikurudi kokote. Njaa yangu ya zamani ilihama tumboni ikapanga kichwani. Mkono ulikata tonge la ukubwa uleule wa miaka yote, mdomo ukafunguka kulipokea, halafu baada ya matonge matatu tumbo likafunga mlango na kuzima taa. Nikilazimisha la nne, kifua kilibana nikakaa nikitokwa na machozi mbele ya sahani iliyojaa. Benchi likaanza kuniumiza, kwa sababu nilikuwa nimekalia nyama maisha yangu yote na sasa nilikalia mifupa. Hata baridi, ambayo zamani niliisikia kwa wenzangu tu, ilinipata. Suruali ya suti yangu ya Kaunda niliifunga kwa mshipi uliotobolewa matundu mapya kwa msumari, ikajikunja kiunoni kama mdomo wa gunia.

Mtaani nilipandishwa cheo. Balozi wa nyumba kumi alinisimamisha mkutanoni akasema, tazameni mwalimu wenu, amejinyima kwa ajili ya taifa. Watu wakapiga makofi. Wale waliokuwa wakininong'onea "kupe" nikipita, sasa walininong'onea "marehemu mtarajiwa".

Habari za kukonda kwangu zilipanda milima ya Uluguru bila lori. Mjomba wa mke wangu alishuka kutoka Matombo, akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akasema nikauguzwe kwao, kwenye hewa safi na ndizi. Ilikuwa heshima, na ilikuwa pia kesi. Kwetu nilikotoka mimi, mtoto ni wa baba. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Mume aliyekwisha nguvu hupewa pole nyingi sana, kisha mke na watoto hubaki kwao. Mke wangu alinieleza hayo tukifunga mizigo.

"Upone upesi, baba watoto," alisema. "Mjomba akishasema, kasema."

Tulipanda lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu, mimi nimekumbatia mto tumboni, mke wangu na watoto wetu wawili wamenizunguka. Barabara ya Matombo ina mawe mengi, na safari ile nilijuana nayo moja moja.

Mama mkwe wangu nilikuwa sijawahi kumwona uso, wala yeye kuuona wangu. Tangu nimwoe binti yake tulikuwa tukiheshimiana inavyopasa. Nikimkuta njiani, naingia majanini. Akisikia sauti yangu, anajitanda khanga na kugeuka. Nikimwamkia shikamoo natazama chini, naye anaitikia marahaba akitazama mgomba. Sifa za sura yangu alizipata kwa dada zake waliokuja kwenye harusi, na dada zake hawakuwa watu wa kusifu ovyo. Maneno yake kwangu yalipitia kwa mke wangu, hata nikiwa nimesimama pale pale. Lakini chakula changu alikipika yeye, wala hakumwachia mtu.

Wiki ile tuliyofika, sukari ililetwa kwenye duka la kijiji. Mama mkwe alishuka mlima kabla jogoo hajawika, akapanga foleni mpaka jua la utosini, akarudi na sukari yake imefungwa kwenye pindo la khanga. Hakuweka chembe kwenye chai yake. Yote ilikuwa ya uji wa mgonjwa.

Nilikunywa bakuli la kwanza kwa furaha. Kabla sijaliweka chini moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka hadi kwenye vidole vya miguu, mikono ikatetemeka, nyumba ikaanza kuzunguka. Nililala kitandani nikisubiri kufa, na baada ya muda nikagundua kwamba sifi, ni sukari tu inapita. Ndiyo aliyoikataza daktari.

Sasa nenda kamwambie. Mkwe harudishi chakula cha mama mkwe, wala hazungumzii tumbo lake mbele yake. Na huko milimani nani aliwahi kusikia mtu kaugua kwa sukari? Watu walipona kwa sukari. Mke wangu alijaribu mara moja, kwa upole, kusema kwamba labda ipunguzwe. Mama yake akafurahi.

"Mumeo anaona aibu kunimalizia sukari," alisema. "Ana adabu." Akaongeza kijiko.

Basi mke wangu akaamua kunywa yeye. Kila asubuhi aliniletea bakuli chumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akalimaliza, akalirudisha jikoni likiwa safi. Mimi nikatafuna ndizi mbichi ya kuchemsha, kipande kwa kipande, nikijisikia mwizi wa uji ambao hata sikuunywa. Mama mkwe alipoona bakuli limerudi tupu alileta bakuli kubwa zaidi. Mambo yakaenda hivyo mwezi mzima. Nilikuwa napata nafuu kweli, naweza kutembea hadi mtoni na kurudi, mshono umekauka. Ila nafuu yangu haikuonekana kwa macho. Iliyoonekana ni ya mke wangu. Mashavu yalimjaa, shingo ikapata mikunjo, majirani wakamsifu kwamba maji ya kwao yamemkubali.

Mjomba aliyaona yote mawili. Jioni moja aliniita nje.

"Mwalimu, mimi sisemi kwa ubaya," alisema. "Unakula vizuri, bakuli tunaliona. Lakini hunenepi. Mtoto wetu huku amenawiri, wewe unazidi kuisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho asubuhi nitakunywa uji pamoja nawe, nikuone. Halafu nitasema neno langu juu ya mama na watoto."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu. Kwenye kisu ningekufa mimi tu. Hapa ningerudi Mafiga mzima, peke yangu, nikafundishe kujitegemea.

Asubuhi mjomba aliketi kwenye kigoda mbele yangu. Mke wangu alituwekea mabakuli mawili, akanitazama kwa macho ya mtu anayemsindikiza mwenziwe mahakamani, kisha akatoka. Nyuma ya ukuta wa matete nilimsikia mama mkwe ametulia, hata mwiko hausikiki. Alikuwa anasikiliza mkwe wake akinywa. Ningeweza kusema ukweli, lakini kusema ukweli mbele ya mjomba ilikuwa kumwambia mama yule, nyumbani kwake, kwamba chakula chake ni sumu. Nikashika bakuli, nikanywa lote.

Tulizungumza kidogo kuhusu karafuu. Halafu moyo ukaanza. Nikajikaza, nikasema karafuu mwaka huu, sijui nikamalizia nini, jasho likamwagika, bakuli likaniponyoka, nami nikalifuata chini.

"Anakufa!" mjomba alipiga kelele. "Nilisema!"

Nilichosikia baadaye ni mikono kuinua kichwa changu na pindo la khanga linanifuta uso. Nilipofumbua macho nikaona uso wa mke wangu, umezeeka, una mwanya uleule wa meno ya mbele. Ulikuwa umeinama juu yangu, unanitazama moja kwa moja. Sikuwa na nguvu ya kugeukia pembeni.

"Baba," aliniuliza mwenyewe, bila kumpitisha mtu. "Ni uji wangu?"

"Ni sukari, mama," nikasema. "Daktari aliikataza. Itapita."

Alilitazama pindo la khanga yake. "Nilipanga foleni," alisema kwa sauti ndogo, na neno hilo liliniuma kuliko mshono.

"Na mwezi mzima huu nani alikuwa anakunywa?" mjomba aliuliza. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Wote tukayatazama mashavu yake.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, kichwa changu kikirukaruka mapajani mwake, mpaka moyo wangu ukatulia. Kisha akamgeukia mjomba.

"Kaka, huyu hafi. Tumbo lake dogo, basi. Amekunywa kilichokatazwa mbele yako ili asiniaibishe mimi. Wakwe wengine tunao, wanamaliza chungu na hawaanui hata mkeka. Huyu anakula kama kifaranga, utamnyang'anya mke kwa kosa gani?"

Mjomba alikuna kidevu. Alilitazama bakuli lake mwenyewe, akalimaliza polepole ili apate muda, akasema mgonjwa akishapata nguvu arudi kazini na watu wake.

Tangu siku hiyo niliwekewa kibakuli kidogo cha watoto, mara tano au sita kwa siku, uji mwembamba wa chumvi. Uliletwa na mke wangu. Mama mkwe alirudi nyuma ya khanga yake, nami nikarudi majanini, kana kwamba hakuna aliyemshika mwenziwe kichwa.

Siku ya kuondoka lori lilisubiri barabarani na watoto wamekwisha panda. Nilisimama mwisho wa kiwanja, nikatazama chini, nikasema tunakwenda mama, nashukuru. Mama mkwe alikuwa amegeukia mgomba wake.

"Mwambie mumeo," alimwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha, "uso wake nimeuona. Si mbaya kama walivyoniambia."