Mke Wangu Anaamini Nina Ugonjwa wa Moyo

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini, nina mke na binti mmoja wa miaka sita, naishi hapa Ifakara. Natengeneza redio na simu kwenye kibanda changu. Jina langu lisitajwe, maana mke wangu anafuatilia ukurasa huu, na akijua ni mimi sijui nitamtazama vipi.

Nilizaliwa Mang'ula. Baba alifanya kazi kituo cha reli, mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa na dada mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa masika, dada alisombwa na maji ya kijito kilichofurika akiwa anaenda shule. Walimpata kesho yake, sare bado iko mwilini. Mimi nilikuwa nakaribia kuanza darasa la kwanza. Tulipoanua matanga mama aliacha kazi, na baba alipomuuliza nitaandikishwa lini, alimjibu, "Huyu havuki maji yoyote. Mwalimu wake ni mimi."

Sitaki mumwone mama yangu mbaya. Alinifundisha kwa upendo wote aliokuwa nao. Nilipofika miaka minane nilikuwa nasoma gazeti la baba bila kukwama. Lakini mlango ulitiwa komeo. Wenzangu wakicheza mpira wa makaratasi nje, mimi nawaangalia kupitia wavu wa dirisha. Sikujua kupanda mti. Sikujua kugombana na mtoto mwenzangu kisha tukapatana. Miguu ilibaki myembamba, na nikizunguka nyumba tu nilihema kama mzee.

Watu walianza kuuliza. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kutaka kujua kwa nini siendi shule, mama alimwambia nikiwa nasikia, "Ana ugonjwa wa moyo. Akikimbia atakufa." Balozi akatoa pole akaondoka. Mimi nilimwamini mama. Tangu hapo nikisikia moyo unadunda kidogo, nalala sakafuni nasubiri kufa.

Nilipofikisha miaka kumi na miwili baba alichoka, akanipandisha treni mpaka hospitali Ifakara bila kumuaga mama. Daktari alinisikiliza kifua, akanichezesha miguu, akamwambia baba, "Mzee, moyo wa kijana ni mzima kabisa. Hana nguvu kwa sababu hachezi. Mpeleke shule."

Tuliporudi baba alimuuliza mama, "Kumbe mtoto ni mzima?"

Mama akasema, "Najua. Nilitaka tu abaki hai."

Baba alitoka akaenda kukaa nje.

Nikapelekwa darasa la tano. Masomo hayakunisumbua hata kidogo. Kilichonishinda ni watu. Siku ya kwanza kengele ya mapumziko ilipogongwa, watoto walikimbilia mlangoni kwa kelele, nami nikaingia chini ya dawati nikajikojolea. Mwalimu alinitoa pale taratibu, lakini darasa zima lilikuwa limejaa dirishani linacheka. Nikashika kifua nikasema, "Nina ugonjwa wa moyo." Wakanyamaza wote. Mmoja akanibebea mkoba mpaka nyumbani. Nilikuwa nimeshamsikia daktari kwa masikio yangu, ndugu zangu, na bado nikasema vile, kwa sababu niliona inafanya kazi.

Sijaacha mpaka leo. Mke wangu nilimwambia wakati wa uchumba ili harusi iwe ndogo, watu wachache. Misibani siendi, mikutano ya mtaa siendi, yeye ndiye ananiombea udhuru. Tuna shamba la mpunga Idete. Wakati wa mavuno mke wangu anabeba viroba kichwani, mimi nimekaa kivulini nalinda maji ya kunywa. Majirani wanamsifu jinsi anavyomtunza mgonjwa. Nguvu ninazo. Naandika hapa uso unaniwaka.

Mwezi uliopita binti yetu alikuwa na mahafali ya chekechea. Wakaita kila baba aende mbele amvishe mwanawe shada. Nilisimama, nikaona macho ya watu wote yamenielekea, nikashika kifua. Mke wangu akanidaka, sherehe ikasimama, nikatolewa nje. Mtoto alibaki mbele peke yake na joho lake.

Tulipofika nyumbani aliniuliza, "Baba, na mimi nina moyo kama wako?"

Tangu siku hiyo hataki kucheza na wenzake. Anasema kifua kinamdunda. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee na tunaishi naye, amesema, "Mwakani asiende shule huyu. Nitamfundisha mwenyewe hapa hapa." Mke wangu akamjibu, "Sawa mama, tutaona," maana na yeye ameanza kuogopa kwamba mtoto amerithi. Amepanga tuuze mpunga wote uliobaki twende Dar, mimi na mtoto tukapimwe.

Kumwambia ukweli ni kumwambia kwamba mgongo unaomuuma kila msimu ameuumiza kwa uongo wangu. Na mama, ambaye miaka yote hii anajua ukweli na hajamwambia, ataaibika mbele ya mkwe wake katika umri huu, wakati alichofanya alikifanya akiwa na msiba wa mtoto. Lakini shule inafunguliwa Januari, na sitaki binti yangu awaangalie wenzake kupitia dirisha. Mara kadhaa tukiwa tunakula nimefungua mdomo niseme, nikaishia kuomba chumvi.

Wanaotaka kunitukana nitawasoma, nastahili. Ila wenye busara, hasa kina mama, naombeni mnielekeze: nianze na mama au nianze na mke wangu, na neno la kwanza niseme nini?