Taa Isiingie Bubu

Kuna mangaribi moja, jioni ya utoto wangu, ambayo hata leo ikinijia nasimamisha kazi. Mwanangu, wewe unayetaka kujaza nyumba yako ampuli, balbu hizi zinazowashwa na simu, keti kwanza nikusimulie. Utakwenda kununua ukiwa unajua unanunua nini.

Tulikuwa tukikaa Mutwanga, chini ya mlima, kabla baba hajafariki na mama hajatuhamishia Beni. Nyumba ilikuwa ya udongo, taa ilikuwa moja tu, ya mafuta, kioo chake kimepasuka pembeni. Jua likizama, mtoto mmoja alitumwa kuiwasha jikoni, kule nyuma ya nyumba, kisha kuileta ndani ambako watu walikuwa wameketi. Sasa kwetu, anayeingia na taa anasalimu. Hata kama mlishinda pamoja mkipalilia mihogo, hata kama mligombana muda si mrefu, taa ikiingia ni kama mnaonana upya. Anayeileta anasema, "Habari ya mangaribi," na wote wanaitika, mmoja mmoja.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimenuna, nadhani ni mambo ya mpira, sikumbuki vizuri. Niliingia na taa, nikaiweka mezani, nikaenda kukaa. Mama hakuinua sauti.

"Kambale, rudisha hiyo taa inje."

"Mama, si imekwisha kuwaka?"

"Nimeona. Batu bamekaa hapa, unabawekea taa kama unawekea mbuzi majani. Rudi nayo inje. Taa isiingie bubu mu nyumba yangu."

Nilitoka. Nilisimama uani na ile taa mkononi, wadudu wakinipiga usoni, na kule ndani wote wamenyamaza gizani wakinisubiri. Niliingia tena, nikasalimu. Waliitika wote, mama wa mwisho, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. Sijui kama unanielewa. Baadaye nilijenga nyumba ya ghorofa, nikapata watu wa kunifungulia geti, lakini kwa miaka mingi sikusubiriwa tena namna ile.

Mimi shule niliiacha mapema sana. Nilianza kwa kuuza betri na tochi sokoni Butembo, nimezipanga juu ya karatoni. Leo ukifika Butembo ukauliza nani anauza vifaa vya umeme, watakuonyesha mlango wangu kabla hujamaliza kuuliza. Nimefika Dubai, nimefika China, bila Kiingereza, kwa vidole na kichwa tu. Wenye diplome wanakuja dukani kwangu kuuliza waya gani unafaa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli. Na hizi ampuli za LED zinazoamriwa na simu, ni mimi niliyezileta mtaani kwetu wakati wengine walikuwa bado wanadhani ni uchawi.

Sitakudanganya, ni kitu kizuri. Zinakula umeme kidogo mno, kwa hiyo hata mwenye paneli ya jua na betri ndogo anafika asubuhi bila giza. Nikichelewa dukani, nawasha nyumba nikiwa bado mjini, na mtu mubaya akipita anadhani tumo. Mke wangu Kavira kichwa kikimuuma, nampunguzia mwanga bila kunyanyuka kitini. Unaweza hata kuipangia saa, ikawaka yenyewe kila siku wewe ukiwa safarini.

Lakini nami nimeishi nazo, si kuziuza tu. Ampuli hizo zinataka interneti, na interneti inatoka katika kasanduku kadogo kanakokula mega za bando, na kenyewe kanataka umeme. Mtandao ukikatika, na unajua kwetu unavyokatika, kila unachobonyeza kwenye simu ni bure. Siku moja kikundi cha maombi kilikuwa sebuleni kwangu, watu wamefumba macho, na binti yangu Masika akawa anachezea simu yangu chumbani. Nyumba ikageuka nyekundu, kisha ya kijani. Mchungaji alifumbua jicho moja, akalifumba, akaendelea kuomba kwa haraka zaidi.

Na kubwa kuliko yote ni ile enterupteri, kitufe cha ukutani. Mtu akikizima, ampuli haisikii simu tena. Kwa hiyo nilikataza nyumba nzima kugusa ukuta. Jioni moja Kavira akanipigia dukani.

"Papa Masika, washa jikoni. Viazi vinaungua na sioni sufuria."

"Si ubonyeze ukutani?"

"Weye ulikataza ukuta. Mimi ni mutu wa kutii."

Nilisikia watoto wakicheka nyuma yake. Nikawasha.

Basi, wakati huo mama alikuwa Beni, katika mtaa wa Bungulu, katika nyumba niliyomjengea. Magoti yalikuwa yanamuuma. Kuamka kitini kwenda kuwasha taa ilikuwa kazi kwake, na kumtoa Bungulu aje kukaa kwangu alikataa. Alisema baridi ya Butembo ni ya watu wenye madeni. Nikafikiri kama mfanyabiashara. Nilishuka Beni na fundi wangu, nikaweka paneli, nikaweka kale kasanduku, nikafunga ampuli zangu nzuri chumba kwa chumba. Nikamwambia, "Mama, sasa usiamke tena. Taa yako nitakuwa naiwasha mimi, kutoka Butembo. Weye usiguse ukuta tu."

Alinishukuru kwa mikono miwili. Nikarudi zangu.

Kila jua lilipozama, nikiwa dukani, nilikuwa nachomoa simu mbele ya wateja. "Angalieni, nawasha Beni." Nikibonyeza, simu inajibu kwamba imewaka. Watu walitikisa vichwa, na mimi nilifurahi kama mtu aliyeshika jua kwa kamba. Nami nilijiambia kwamba mama yangu yuko salama, ana mwanga, nimemaliza. Zamani nilikuwa nashuka kumwona mara kwa mara. Baada ya ampuli, safari zikapungua. Kulikuwa na kontena la kusubiri, kulikuwa na wateja, na ile barabara, siku nyingine inapitika, siku nyingine mnaambiwa mngoje. Mtu mwenye sababu nyingi hatafuti nyingine.

Halafu jioni moja simu ikaandika kwa Kifaransa chake: hors ligne. Maana yake, ampuli haipatikani. Nikampigia mama.

"Mama, umegusa ukuta?"

"Nani? Kambale? Mangaribi, mwanangu."

"Mangaribi, mama. Umegusa ukuta?"

"Labda ni mbuzi."

"Mbuzi inafika ku enterupteri?"

"Mbuzi ya siku hizi, weye hapana jua. Kavira kikohozi kiliisha? Na Masika, anasoma ao anacheza tu?"

Nikamjibu yote, akarudisha ukuta, nikawasha. Kesho yake, hors ligne. Kesho kutwa, vilevile. Mara ni mbuzi, mara ni jirani aliyeegemea, mara ni mkono wenyewe uliosahau. Nikaanza kukasirika. Si kwake; kwa ampuli. Bidhaa yangu ile, na mimi siuzi kitu kibovu. Wateja walikuwa wameanza kutabasamu nikichomoa simu. Mwishoni nilitia ampuli mpya ndani ya gari, nikashuka Beni mimi mwenyewe.

Nilimkuta ameketi sebuleni. Bugali ulikuwa umekwisha kusongwa, sombe ya majani ya mihogo iko motoni, sahani zimepangwa. Sikujiuliza alijuaje kwamba ningekuja. Nilipanda juu ya kiti, nikafungua, nikapima, nikabonyeza simu: ampuli zote nzima. Nikashuka, nikakaa, nikanywa maji. Jua likaanza kuzama. Hapo mama akaamka, polepole, akishika ukuta kwa ajili ya magoti yake, akafika kwenye kile kitufe, akakizima mbele ya macho yangu.

"Mama, juu ya nini unaizima?"

Alirudi kwanza kukaa.

"Siku ya kwanza iliwaka yenyewe," alisema. "Mimi nikasalimu. Nikangoja. Ile kitu inanitazama tu. Siku ya pili, vilevile. Basi nikaona, nikizima, unapiga simu. Unapiga na hasira, lakini nakuambia mangaribi, unaitika. Taa inaingia na mutu wake."

Mwanangu, mimi nimebishana na wachuuzi wa China mpaka wakapunguza bei. Siku hiyo niliishia kuangalia magoti yake.

"Magoti yako," nilisema. "Niliweka hizi kwa ajili ya magoti yako."

"Magoti yanauma nikiwa nimekaa pia. Toka inje."

"Mama, mimi ni mutu muzima. Nina mvi."

"Hiyo mvi itatoka na weye."

Nilirudisha kitufe cha ukutani, nikaizima ampuli kwa simu, nikatoka. Nilisimama uani Bungulu, patroni, bosi mzima, viatu vya ngozi, simu mkononi, na majirani wakiniangalia kutoka nyumba zao. Ndani palikuwa na giza na mtu mmoja ananisubiri. Nikabonyeza, taa ikawaka, nikaingia.

"Habari ya mangaribi, mama."

"Muzuri, mutoto wangu. Ingia, chakula kinapoa."

Kile kicheko kilikuwa bado kimo ndani ya sauti. Tulikula mpaka sombe ikaisha, na sijala tena sombe ya namna ile, hata kwa mpishi mwenye jina.

Tangu siku hiyo nilikuwa napiga simu kwanza. Tunasalimiana, tunaulizana, kisha yeye mwenyewe anasema, "Sasa leta taa," nami nabonyeza. Niliahidi pia kushuka Beni kila wiki. Nilishuka, lakini si kila wiki.

Mama sasa amepumzika. Uzee ulimchukua kwa upole, tukamzika, nyumba nikaipangisha kwa mwalimu na mke wake. Ampuli niliziacha. Katika simu yangu bado kuna mahali pameandikwa "Kwa mama", na sijapafuta. Wale wapangaji wanatumia ukuta, kama watu wenye akili. Kwa hiyo kuna mangaribi ninafungua simu, naona lile neno, hors ligne, na moyo unaruka. Kabla akili haijafika, kidole kimekwisha kuanza kutafuta namba yake.

Hapo naiweka simu chini. Natoka uani kwangu, Butembo, hata kama mvua inanyesha, nawasha ya sebuleni nikiwa nje, naingia nasalimu. Watoto mwanzoni walinicheka. Sasa nikichelewa, wanakaa gizani wananingoja, hawagusi kitu. Kavira anaitika, Masika anaitika, wadogo wanaitika kwa kelele. Nami nabaki nimesimama mlangoni kidogo, nikimngoja yule wa mwisho.

Kwa hiyo nunua, mwanangu. Njoo hata kwangu, nitakupa nzima. Kwa usalama wa nyumba, kwa umeme mdogo, kwa mgonjwa asiyeweza kuamka, hakuna kitu bora. Usizuie watu kugusa ukuta wao, na mega zikiisha usilaumu ampuli. Lakini nyumba ya mzazi wako usiiwashe kutoka mbali ukanyamaza. Piga simu kwanza, sema mangaribi, ngoja akuitike, uliza magoti, uliza mbuzi, ndipo ubonyeze. Na barabara ikiwa wazi, acha duka, shuka, ukasimame uani kwake.

Mungu akupe mwanga usiokatika, nawe uwe unauleta kwa mkono wako. Kila utakapoingia nao, akujalie mtu ndani wa kukuitika, na yule wa mwisho achelewe sana kunyamaza.