Kizibao cha Bluu

Baba alikuwa akinukia moshi na nta. Aliporudi kutoka porini harufu hiyo ilifika mlangoni kabla yeye hajapiga hodi, nami niliacha chochote nilichokuwa nikifanya, hata kama sufuria lilikuwa jikoni, nikamkimbilia. Tuliishi wawili tu pembezoni mwa Misunkumilo, mahali mji ulipoishia yakaanza mashamba, na baada ya mashamba pori la miombo ambalo sikuwahi kuona mwisho wake. Mama alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Baba alikuwa mrina asali, Mkonongo kwa kabila, aliyefundishwa kazi hiyo na baba yake, na kila kiangazi alifunga mzigo kwenye baiskeli akaenda kwenye mizinga yake siku kumi, wakati mwingine ishirini. Mimi nilibaki, mama wa nyumba ya pili akinichungulia asubuhi na jioni. Watu husema mtoto huzoea. Mimi sikuzoea, nilijifunza kunyamaza tu.

Nilipokuwa darasa la nne, Juni iliingia na baridi kali, na baba hakuwa na koti. Alikuwa na shati moja la kaki lililochanika mgongoni, na alipokota moto alfajiri niliuona uti wake wa mgongo kupitia tundu lile. Roho iliniuma. Siku chache baadaye nikiokota kuni nilikuta kitambaa cha bluu iliyokoza kimetandazwa kwenye waya kati ya miti miwili, pembeni yake kipande cheusi, na juu yake chandarua kidogo chenye mbung'o waliokauka. Mtu hakuwepo. Nilijua kina mwenyewe, maana kitambaa hakijitundiki porini, na wala sitajitetea kwamba nilikuwa mdogo. Nilikichomoa, nikakificha ndani ya mzigo wa kuni, nikakipeleka kwa mama mmoja fundi cherehani kule Kawajense pamoja na kopo la asali. Aliponiuliza nimekitoa wapi nilimwambia baba kanipa. Akanishonea kizibao chenye mifuko miwili.

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye vitundu vidogo vilivyojipanga kwenye pindo. Halafu akakivaa, akafunga vifungo vyote, akasema, "Sasa nimekuwa mtu wa ofisini." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kesho yake aliondoka nacho.

Alirudi na jipu jekundu nyuma ya bega, mahali mbung'o alipomng'ata, na homa. Tulinunua dawa ya malaria, homa ikashuka, tukashukuru. Baada ya wiki ikapanda tena, tena ikashuka. Kisha baba akaanza kusinzia. Alisinzia mchana kweupe, tonge likiwa mkononi, mchuzi ukimchuruzika kwenye kiwiko. Majirani walisema ameanza gongo. Kwenye mkutano wa wazazi shuleni alilala akaanguka kutoka kwenye benchi, watu wakaangua kicheko, nami niliyekuwa dirishani na wenzangu nikajifanya simjui. Hilo nalo ninalo moyoni hadi leo. Ilifika asubuhi moja akanitazama nikimletea uji akaniuliza kwa ukali mimi ni mtoto wa nani. Nilitembea peke yangu hadi Shanwe kumwita shangazi, dada yake baba, na njia nzima nilikuwa nikijibu lile swali kwa sauti, kwamba mimi ni wa kwako, baba.

Hospitalini walimtoa damu, kisha maji ya uti wa mgongo. Muuguzi alituuliza mgonjwa anafanya kazi gani.

"Anarina asali, dada," shangazi alijibu.

"Ndiyo hivyo. Ni malale haya, mama. Na huko porini alikuwa anavaa nguo gani? Maana hawa mbung'o wanapenda bluu na nyeusi, acha kabisa. Hata mitego yao tunaitega kwa kitambaa cha bluu, na watu nao wanatuibia."

"Watu hawana hata aibu," shangazi akasema.

Nilitazama sakafu. Baba alilala pale nyuma ya pazia, na kama angekufa nisingebaki na mtu, na aliyemuua angekuwa mimi. Jioni ile nilikwenda nyumbani nikakizika kizibao nyuma ya choo. Miezi mingi nililala kwa shangazi, katikati ya binamu watatu wenye miguu ya moto, na sijawahi kuwa mpweke namna ile. Dawa ilimuunguza baba mshipani mpaka akalia, lakini alipona. Siku aliyorudi, amekonda, ulimi mzito, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kizibao changu kiko wapi?" Nikasema kimepotea. Alinitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali, na jambo hilo halikutajwa tena.

Leo ninafanya kazi maabara, na kimelea cha malale nimekiona kwa darubini, kimejikunja kati ya chembe za damu. Mbung'o hukiacha mwilini anapofyonza, kikaanza kuzaliana. Mwili hutengeneza askari wanaolijua koti lake, wakaviua vingi, homa ikashuka. Lakini vimelea vichache vinakuwa vimeshabadili koti, na askari inabidi waanze upya kujifunza, homa inapanda tena. Ndiyo zile wiki tulizokuwa tukishukuru. Mwishowe huingia kwenye ubongo na kuvuruga mpangilio wa usiku na mchana. Hakina chuki na mtu. Kinatafuta pa kuishi tu, na pa kuishi kwake palikuwa baba yangu. Najua pia kwamba mbung'o wengi hawakibebi, na kwamba huenda angeng'atwa hata akiwa na shati lake la kaki. Najua yote hayo, na hayakuwahi kunisaidia.

Kiangazi kilichopita nilimwambia. Tulikuwa tukipukuchua mahindi uani, nikasema yote bila kumwangalia, tangu waya hadi choo. Hakuacha kupukuchua.

"Mitego ile nilikuwa naipita kila safari, mwanangu. Vile vitundu vya waya nilivijua."

"Sasa ulikivaa cha nini, baba?"

"Ulikuwa umesimama mlangoni unaniangalia."

Baadaye, mahindi yakiwa yamekaribia kwisha, akaongeza kwamba alipotoka hospitali alikiulizia ili akichome, watu wasije wakajua aliyeiba ni mimi. Niliposema kimepotea akaona mtoto ameshajua la kufanya, akaniacha. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa wawili kwenye siri moja, kila mtu na upande wake, tukipishana jikoni. Nililia, na sikulia kwa nafuu. Niliililia ile miaka.

Mji umesogea sasa, pale nilipookota kuni kuna nyumba za bati, na mbung'o wamebaki mbali ndani ya hifadhi. Baba haendi tena porini, mkono wake wa kulia unatetemeka, na harufu ya nta imemtoka. Siku hizi mimi ndiye ninayefunga vifungo asubuhi, koti jeupe la maabara likiwa mkobani, na yeye ndiye anayesimama mlangoni kunitazama. Nikifika penye kona huwa nageuka. Bado yupo.