Kesho ya Fundi Sindano

Fundi Sindano aliwapima watu kwa macho kabla ya kuwapima kwa futi. Ukiingia tu dukani kwake, chumba kimoja chenye cherehani mbili na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, ameshajua bega lako ni inchi ngapi na kwamba mguu wako mmoja umempita mwenziwe. Lakini hasemi. Fundi anayetangaza kila alichokiona mwilini mwa mteja atakufa njaa.

Jumanne ile, alipoingia nyumba ya mapadri kumpima Paroko kasula, vazi la juu la misa, ya jubilei yake ya miaka ishirini na mitano ya upadri, macho yake yalimwambia jambo ambalo alitamani yangelinyamazia. Paroko alikuwa amekwisha. Shati lilining'inia mwilini kama limeanikwa.

"Karibu fundi," alisema Sista mwuguzi, mwanamke mfupi mwenye ulimi usio na breki. "Umekuja kutuongezea mzigo? Kabati lake halifungi. Kasula ishirini na nne, mgongo mmoja! Hata askofu hana."

"Sista, mwache fundi ale," Paroko alisema. Alishika ukingo wa kiti akajiinua, kidogo kidogo, kama mtu anayetoka kisimani. Akanyoosha mikono pembeni.

Walikuwa na desturi yao. Fundi anataja kipimo, Paroko anajibu "andika", ndipo fundi anaandika kwenye daftari. Kila mwaka hivyo hivyo.

"Bega kumi na saba."

"Andika."

"Kifua thelathini na nne." Akapima tena. Mwaka jana kilikuwa arobaini na moja.

"Andika, Sindano. Usibishane na mwili."

Jina hilo la Sindano alilipata seminarini. Wakati huo yeye na Paroko walikuwa mafrateri, yaani vijana wanaosomea upadri. Yeye alijua kushona, maana mama yake alikuwa mshonaji, na kila kanzu iliyochanika mle ndani ilipita mikononi mwake. Paroko alikuwa mrefu kuliko mlango wa bweni, wakamwita Mlingoti. Walikuwa chanda na pete. Walisoma pamoja, walilima bustani pamoja, na jioni waliketi kwenye ngazi za jikoni wakimenya viazi vya nyumba nzima huku Mlingoti akiigiza namna kila mwalimu anavyopiga chafya. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Ila Sindano aligundua kwamba asipomwona Mlingoti chakula hakipiti, na kwamba moyo wake haujawahi kwenda kwa mwanamke hata siku moja. Alijichunguza mwaka mzima. Alifunga. Alioga maji ya baridi mpaka akapata kichomi. Moyo haukugeuka.

Mwaka wa mwisho, Jumamosi moja, aliamua kuungama. Baba wa kiroho, yule padri anayesikiliza dhamiri za mafrateri, alikuwa amesafiri. Basi Sindano akabisha hodi ofisini kwa gombera, mkuu wa seminari. Akafikiri moyoni, padri ni padri. Akapiga magoti kando ya meza, akasema, "Baba, nimekuja kutoa lililo moyoni," na akalitoa lote. Jina la mtu hakulitaja.

Hapo ndipo lilipo kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa nje asingeweza kuliona. Gombera haungamishi mafrateri wake, isipokuwa wamemwomba waziwazi. Desturi hiyo iliwekwa ili asije akajua kwa siri jambo analotakiwa kulitolea uamuzi hadharani. Sindano alifundishwa hayo darasani na alifaulu mtihani wake. Lakini mtu aliyebeba gunia la moto hatafuti mahali pazuri pa kulitua.

"Umemaliza?" gombera aliuliza. "Simama. Hukuona sina stola?"

Sindano akageuka. Stola, ule utepe mrefu wa kitambaa ambao padri huuvaa shingoni anapoungamisha, ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Baba, nilidhani naungama."

"Umezungumza ofisini, mwanangu. Hii ni ofisi."

"Lakini nimetunza useja. Sijamgusa mtu."

"Sikukuuliza ulichofanya," gombera alisema, tena kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Sindano miaka yote. "Umeniambia ulivyo. Kwa hivyo ulivyo, siwezi kukupeleka kwa askofu akupe upadri."

Siku ya tatu akafunga sanduku lake. Mlingoti hakuja kumuaga. Ilisemekana ana homa.

Nyumbani aliwakuta watu wameshapika habari yao: frateri amempa msichana mimba. Sindano akanyamaza, maana uongo ule ulikuwa na heshima kuliko ukweli. Mama yake alilia wiki nzima, kisha akajifuta, akaanza kumdai mjukuu. "Mficha uchi hazai, baba. Mlete huyo mtoto, mimi sina makuu, hata mama yake aje na fujo zake nitampokea." Sokoni alikuwa akisimamisha watoto wa watu na kuwatazama masikio, kwa sababu masikio ya ukoo wao yamechomoza kama vipini vya chungu. Miaka kumi na moja aliyatafuta masikio hayo. Siku anakata roho alimshika mwanawe mkono.

"Angalau niambie. Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike, mama."

"Anaitwa nani?"

"Nimempa jina lako."

Mama akatabasamu, akaenda zake na furaha ya mtoto asiyekuwepo.

Sindano hakuoa. Alikaa na cherehani za mama na akawa fundi wa mavazi ya kanisa, hodari kuliko wote. Mlingoti alipopata tu upadri aliletwa pale pale, kwanza msaidizi, baadaye paroko. Hawakuzungumza ya zamani. Mwaka wa kwanza Paroko aliagiza kasula moja. Mwaka wa pili nyingine. Useja ambao padri aliahidi mbele ya askofu, fundi aliutunza chumbani kwake bila kuahidi na bila kupigiwa makofi. Mtaani walimwita mseja mkavu, mtani wake muuza vitambaa akamwita "bibi harusi wa cherehani", naye alicheka nao. Kwa miaka yote hiyo alingoja neno moja tu kutoka kwa Mlingoti. Hata yeye hakujua ni neno gani. Alijua tu kwamba akilisikia atalitambua.

Sasa, Jumanne hii, Paroko alimtuma Sista akachemshe maji. Akaketi.

"Sindano, wewe umeshaona. Hilo vazi si la jubilei."

"Nimeona."

"Basi nikuambie. Siku ile ya homa, sikuwa na homa. Gombera aliniita. Hukunitaja, lakini nani hakujua tulivyokuwa? Akaniuliza kama umewahi kunisumbua. Nikasema ndiyo. Akaleta karatasi, nikasaini."

Maji yalisikika yakimiminwa jikoni. Fundi alikuwa akiikunja futi kwenye vidole, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilikusumbua lini mimi?"

"Hukunisumbua. Ungekuwa ulinisumbua, ingekuwa rahisi. Aliniuliza kama na mimi niko hivyo. Nilitafuta jibu ambalo likishatoka hataniuliza tena."

"Na uko hivyo?"

Paroko alinyoosha kidole kwenye kabati lisilofungika. "Fungua. Nyingine bado ziko kwenye karatasi ulizozifungia. Padri akiwa na kasula nne zinamtosha mpaka kaburini. Nilikuwa natafuta sababu ya wewe kuja. Kiapo sijakivunja, Mungu anajua. Dakika kumi kwa mwaka, nimesimama na mikono nje kama mtu anayepekuliwa na polisi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu."

Fundi Sindano alikuwa na vipimo vyote daftarini. Fundi kama yeye hana haja ya kumpima kila mwaka mtu ambaye, kabla ya mwaka huu, hakunenepa wala kukonda. Naye alikuwa akija na futi kila mwaka. Hilo angeweza kulisema. Neno lenyewe lilikuwa limefika, tena kubwa kuliko alivyolitarajia, lakini lilikuja limeshikana mkono na ile karatasi, na yeye akamwona mama yake sokoni ameinama kutazama masikio ya mtoto wa mtu.

"Mama yangu alikufa anamtafuta mjukuu," alisema.

"Najua. Nilimzika mimi. Nimeungama kwa mapadri sita, Sindano. Nadhani Mungu alishanisamehe. Nilikuwa nakuomba wewe."

Fundi akaitupia futi shingoni. Ncha zake zikaning'inia kifuani, huku moja, huku moja. Akaitazama, akacheka kicheko kisicho na meno.

"Hii ni futi, Paroko. Sina stola. Mtafute mwenye stola."

Akatoka. Mlangoni alipishana na Sista na birika lake.

Mafundi wanajulikana kwa kesho zao. Nguo ya sikukuu utaambiwa njoo kesho mpaka sikukuu ipite, na suruali ya bwana harusi imewahi kufika kanisani bila zipu. Sindano pekee mtaani ndiye asiyekuwa na ugonjwa huo. Akisema Ijumaa, ni Ijumaa. Lakini wiki ile aliambukizwa. Ijumaa mtumishi wa parokia alifika dukani.

"Fundi, Paroko anauliza vazi."

"Mwambie kesho."

Jumamosi akaja tena. "Fundi, anauliza."

"Hujui maana ya kesho? Kesho."

Muuza vitambaa, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, akapiga mluzi. "Leo bibi harusi umekuwa fundi kama sisi! Karibu chamani."

"Wewe nyamaza, uza vitambaa vyako."

Kitambaa kilikuwa mezani, cheupe, kimeshakatwa. Alikuwa anakishona na kukifumua. Alishona pindo akaona limepinda, akalifumua, halikuwa limepinda. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, na mimi nimemshonea nguo ishirini na nne. Jumapili hakwenda misa, mara ya kwanza tangu utoto. Mtumishi alikuja baada ya misa.

"Kesho," fundi alisema kabla hajaulizwa.

Lakini hasira nayo ni kama mkaa. Usipoupulizia unakuwa jivu wenyewe. Jumapili hiyo mchana, akitia uzi mweupe kwenye tundu la sindano, alikumbuka Mlingoti alivyoigiza chafya ya gombera. Akacheka peke yake. Halafu akakumbuka umri wao siku ile. Ishirini na sita. Mtoto mrefu tu, ameitwa ofisini, amewekewa karatasi. Na yeye Sindano aliupata wapi ujasiri wa kusema ukweli? Kwa kutojua kwamba anajichongea. Angejua kwamba stola iko msumarini, angesema? Hata yeye angenyamaza. Hata yeye labda angesaini. Akakanyaga cherehani mpaka jua lilipozama, akamaliza kasula, alba, ile kanzu nyeupe ya ndani, na stola yake, akapiga pasi.

Jumatatu asubuhi alitembea na vazi mikononi kama anabeba mtoto mchanga, maneno yakiwa yamepangwa mdomoni. Yalikuwa mawili: nimekusamehe, Mlingoti. Na kama angepata pumzi ya kuongeza, angesema kwamba daftari lilikuwa na vipimo vyote tangu mwaka wa kwanza.

Alimkuta Sista ameketi kwenye ngazi ya mbele, amevua viatu. Hakuwa na neno la utani.

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Alfajiri alikuwa na akili zake. Aliniuliza kama leo ndiyo ile kesho ya fundi. Nikamwambia ndiyo, padri. Akasema basi nimfungulie mlango wa mbele."

Mlango ulikuwa wazi.

Ndani, padri msaidizi na padri mwingine wa jirani walikuwa wakihangaika na mwili. Kumvika padri marehemu ni kazi ya mapadri wenzake. Fundi hana nafasi pale. Lakini mikono ilikuwa imeanza kukaza, na alba yake ya zamani haikupita.

"Afadhali umefika," padri msaidizi alisema, jasho likimtoka. "Hiyo mpya ichane mgongoni, fundi, tumvishe kwa mbele. Atalala chali, hakuna atakayeona."

Sindano hakuwahi kukata vazi lililokamilika. Alichukua mkasi. Alba aliichana kutoka shingoni mpaka kwenye pindo, mshono wa Jumapili wote, kisha kasula. Mapadri walimvika kwa mbele, wakachomeka mgongoni. Padri msaidizi akaibusu stola mpya na kumwekea shingoni. Vazi lilimkaa vizuri. Lilimkaa kama la mtu aliyepimwa jana.

"Asante, fundi. Sasa tutaendelea wenyewe."

Sindano hakuondoka. Alivuta futi shingoni, akainama, akaitandaza kutoka bega hadi bega, taratibu, kidole gumba kikishikilia mwanzo kama siku zote.

"Bega kumi na saba," alisema.

Mapadri wakatazamana.

"Ya nini tena, fundi?" padri msaidizi aliuliza kwa sauti ya chini. "Vazi si limeshashonwa?"

Fundi alikuwa ametoa daftari, amelifungua, kalamu iko mkononi, anangoja kuambiwa aandike.