Oili ya Baba Mkwe

Kwenye kifuniko cha tundu la oili la gari langu pameandikwa 5W-30, yaani oili nyepesi. Mimi ni mwalimu. Kila asubuhi, baridi ikiuma, naliendesha kutoka Kanyakine hadi Nkubu tu, safari fupi.

Baba mkwe wangu aliendesha pikapu ya miraa kutoka Maua miaka yote. Injini yake ilichemka kwa mbio hadi Nairobi, kwa hivyo yeye anaamini oili nzito tu, 20W-50. Ile nyepesi anaiita maji.

Siku ya servisi alinijia na galoni ya oili nzito, zawadi. Kwetu zawadi ya mkwe hairudishwi. Nilimwonyesha kile kifuniko.

"Aliyeandika hiyo hajawahi kufika Maua," akasema, akaanza kumimina.

Mimi, ninayefokea darasa zima likanyamaza, nilimshikia faneli ya kumiminia nikasema, "Asante, baba."

Tangu hapo gari huamka likikoroma kama ng'ombe anayeburutwa kwenye josho. Ningeimwaga hiyo oili, lakini kila Jumapili baada ya kanisa mzee huchomoa kijiti cha kupimia, akaisugua oili kwa vidole na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Angejua mara moja.

Jumapili iliyopita injini ilianza kugonga. Akainamisha sikio juu ya boneti, akatabasamu.

"Sasa imepata sauti ya pikapu," akasema. "Nimekuletea galoni nyingine."

Nikaenda kuleta faneli.