Maneno Aliyofundishwa Pilipili

Watoto wa darasa la pili walimwita mwalimu wao Mwalimu Pole, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Ukianguka, pole, ukisukumwa, pole, ukikosa hesabu, pole, hebu tuanze upya. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watoto wanyamaze ili waisikie. Nyuma ya kabati la vitabu alikuwa ametandika mkeka, na mtoto aliyepandwa na hasira au aliyeamka na huzuni aliruhusiwa kwenda kuketi pale, avute pumzi, kisha aseme kinachomsumbua. Walimu wenzake walimtania.

"Leo wodini kwako wamelazwa wangapi?" waliuliza wakati wa chai, naye akacheka nao.

Pilipili alihamia darasani mwake katikati ya muhula. Jina hilo alipewa na wenzake siku ya kwanza tu, alipomng'ata jirani yake wa dawati mpaka damu ikamtoka, kisa kifutio. Mama yake alikuwa ameondoka nyumbani. Alilelewa na baba, fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Mwalimu Pole hakumchapa. Aliketi naye mkekani kila siku, hata siku ambazo mtoto alimpa mgongo. Wiki zikapita bila badiliko lolote. Kisha asubuhi moja mwenzake alimpokonya penseli, Pilipili akafungua mdomo, darasa zima likarudi nyuma, na badala ya meno yakatoka maneno.

"Nina hasira. Nirudishie."

Penseli ikarudishwa. Mwalimu akageukia ubao na kujifanya anafuta, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Maneno haya ni yako," alimwambia baadaye. "Ukiumia, yaseme. Anayekupenda atakusikia."

Ndivyo alivyoamini, na aliamini kwa moyo wake wote.

Jumatatu moja Pilipili alikuja amevaa sweta, na jua lilikuwa la kupasua mawe. Alipoinua mkono kuandika ubaoni, mkono wa sweta uliteremka, na Mwalimu akaona michirizi iliyovimba toka kiwiko hadi kiganja. Akamwita mkekani.

"Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

"Baba."

"Ulikosa nini?"

"Alikuwa anamtukana mama. Nikamwambia nina hasira naye." Mtoto akafikiri kidogo. "Nilisema taratibu, Mwalimu, kama ulivyonifundisha."

Mwalimu Pole alihisi kana kwamba fimbo ile aliishika yeye.

Alimpeleka kwa mwalimu mkuu, na baba akaitwa. Alikuja na nguo zake za kazi, zimetobolewa na cheche, hakutaka hata kuketi.

"Mtoto nilimleta ajue kusoma," alisema. "Sasa anasimama mbele yangu ananieleza hasira zake. Nani kamfundisha?"

"Ni mimi, mzee wangu," akajibu Mwalimu Pole. "Lakini mkono wake umeuona?"

"Mimi nimekua kwa fimbo na sikufa."

Mwalimu mkuu akakohoa. "Mzee, tumekuelewa. Ya nyumbani hatuyaingilii. Na huo mkeka, Mwalimu, tuuondoe. Darasa lenyewe finyu."

Mkeka ukakunjwa siku hiyohiyo. Mwalimu Pole hakukata tamaa bado. Alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, akamkuta binti mmoja mchovu aliyemsikiliza vizuri na kuahidi kuja. Hakuja. Alipofuatilia, alikuta mlango una kufuli. Aliporudi tena, akaambiwa yule binti kahamishwa, na wa kuchukua nafasi yake hajapatikana.

Pilipili hakung'ata tena. Wala hakusema. Alikaa wima, aliandika kwa mwandiko safi, akipokonywa penseli alichukua nyingine. Mwalimu mkuu alichungulia darasani, akatabasamu.

"Unaona? Kumbe baba yake ndiye aliyekuwa na dawa."

Mwalimu Pole aliendelea kusahihisha madaftari.

Siku moja wakati wa mapumziko alimzuia mtoto mlangoni, akachuchumaa mbele yake.

"Unajisikiaje leo?"

Pilipili akaweka mikono nyuma, kama anayesimama mbele ya mkaguzi. "Vizuri, Mwalimu."

"Tuko wawili tu, mwanangu. Niambie."

"Vizuri, Mwalimu."

Akamwacha aende akacheze. Mtoto alitoka, akaegemea ukuta, akatazama wenzake wakiruka kamba mpaka kengele ikalia. Siku ya kufunga muhula alipigiwa makofi mbele ya shule nzima kwa nidhamu bora. Baba yake alikuwepo, amevaa shati lililopigwa pasi, akapiga makofi kwa fahari isiyo na uongo ndani yake. Mwalimu Pole naye alipiga.

Wiki iliyofuata aliomba ahamishiwe darasa la saba, afundishe hisabati.

"Umewachoka wadogo?" aliuliza mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya.

"Kule mtu akikosea," alisema, "ni namba tu."

Mkuu alidhani ni mzaha. Akacheka, akamkubalia.